Alphonsine Alivyovutiwa Kiti

Alphonsine Okemow kalishika jiko la Kituo cha Urafiki, ukumbi wetu Wakrii wa mjini, miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyetia mwiko kwenye sufuria yake akatoka na heshima zake. Wakurugenzi wamekuja wamekwenda, saba au wanane, wengine na vyeti vyao ukutani, na kila mmoja alifundishwa wiki ya kwanza kwamba ofisi ni yake lakini jiko lina mwenyewe. Mmoja alibisha, yule mrefu aliyetoka mji wa Regina. Huyo alikunywa kahawa ya kituo cha mafuta mpaka siku aliyohama.

Mwenyewe mfupi, mpana, mkia mmoja wa nywele mgongoni, na goti la kushoto linalolia kila barafu ya mto inapovunjika. Umri wake alisema sitini na nane. Aliusema miaka mitano mfululizo.

Sasa, kwenye karamu zetu wazee wanakaa kwanza. Wanaletewa sahani, na hakuna anayetia kitu mdomoni mpaka wao waanze. Uzee huo mtu hauombi wala hauandikii barua. Watu wanakutazama tu, siku moja wanakuvutia kiti. Alphonsine alivutiwa kiti mara nne, na mara zote nne aliweka juu yake beseni la viazi akarudi jikoni.

Si kwamba hakupenda heshima. Aliogopa, basi. Alimwona wifi yake Philomene alivyokalishwa. Philomene ndiye aliyekuwa mkuu wa cherehani pale, darasa la Jumatatu la sketi za riboni lote lilikuwa lake. Akakaa kiti cha wazee mara moja tu. Jumatatu iliyofuata kafika, kakuta msichana kwenye cherehani yake, na kila mtu "pumzika, kohkom, pumzika, bibi." Kapumzika mpaka leo. Sasa anacheza bingo na kuchunguza mambo ya watu.

Alphonsine mume alimzika, watoto wako Edmonton wanapiga simu Krismasi. Ukimtoa jikoni, unambakishia nini? Televisheni na paka ambaye hata si wake.

Mwaka huu, wiki ya karamu ya kuwaenzi wanawake, mikono yake imo kwenye unga wa banoki, mkate wetu wa kikaangoni, mpaka kwenye viwiko, akaingia Raylene. Raylene ni yule binti wa kumsaidia, mama wa watoto wawili, mwaka wa pili sasa anamenya na kuosha. Mkononi kashika kifurushi cha kitambaa chekundu.

"Bibi, nimekuletea tumbaku."

"Tia mfukoni, huoni nina unga?"

Raylene akaitia kwenye mfuko wa aproni ya Alphonsine. Halafu akasimama palepale kama nguzo.

"Unangoja nini?"

"Sijakwambia ombi langu, bibi."

Mikono ikasimama ndani ya unga. Kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua: tumbaku ukishaipokea, umekubali. Ndiyo maana mtu mwenye akili anasikiliza ombi kwanza, mikono nyuma, halafu ndipo anapokea au anakataa. Alphonsine mwenyewe alimkaripia yule mkurugenzi mrefu mbele ya ukumbi mzima kwa kosa hilihili. Na leo yeye kasema "tia mfukoni" kama anaambiwa habari za vitunguu.

"Sema," akasema, sauti imepungua.

"Kina mama wa Jumatatu wanaomba Jumamosi ukae meza ya wazee. Uombee chakula. Na wamekushonea blanketi la nyota."

"Nani kakutuma?"

"Kohkom Philomene. Kasema nivizie mpaka mikono yako iwe na unga."

Akaifuta mikono, akaenda kwenye simu ya ukutani. Mawifi kwetu ni watani, na hawa wawili haki yao walikuwa wanaila bila kubakiza.

"Mchawi we!"

"Umepokea au hukupokea?" Philomene akauliza. Hata salamu hakutoa.

"Umenivizia kama sungura."

"Sungura ana mbio, wifi. Wewe nimekukuta umesimama."

"Na supu atapika nani?"

"Raylene."

"Raylene anachemsha maji yanaungua!"

"Basi tutakunywa maji ya kuungua. Na uvae sketi yako ya riboni, ile ya bluu. Ya kahawia usije nayo, unafanana na gunia."

"Wewe na meno yako ya dukani, nyamaza."

"Yangu angalau yamelipiwa," akasema Philomene, akakata simu.

Kurudisha tumbaku haiwezekani. Ni sawa na kumtemea mtu mate usoni. Basi Alphonsine akaamua hivi: atakaa, lakini supu haitatoka mikononi mwake.

Jumamosi alifika kabla hata mwenye ufunguo hajafika, ikabidi angoje barazani kwenye baridi na sketi yake ya bluu. Nyama ya porini akaikata mwenyewe, shayiri akaiosha mwenyewe, chumvi akaionja mwenyewe mara tisa. Raylene alipewa karoti na kona. Saa sita ngoma ya wanawake ikaanza kulia ukumbini, watu wamejaa mpaka milangoni, na Alphonsine bado kainamia sufuria kubwa. Philomene akaja, akamshika kamba za aproni kwa nyuma, akamvuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

"Toka! Watu mia mbili wana njaa kwa ajili yako."

"Ngoja niweke..."

"Toka!"

Meza ya wazee iko ukuta wa mbali, na jiko liko ukuta wa pili. Alphonsine kakaa, mikono mapajani, haijui pa kwenda. Wakampandisha mbele. Wakasema maneno mazuri juu yake, kwamba kalisha vilio na harusi, kalisha watu waliotoka jela na waliotoka hospitali, kalisha hata asiowapenda. Hapo watu wakacheka, maana ni wengi. Wakamfunika mabegani blanketi la nyota, nyota ya vipande vya kitambaa vya rangi ya moto na ya anga, kila pembe imekutana na mwenzake, kazi safi. Wakaimba wimbo wa heshima, ukumbi mzima umesimama, wanaume wamevua kofia.

Mtu mwingine angelia. Alphonsine alikuwa ananusa.

Shayiri. Shayiri inaanza kushika chini ya sufuria. Harufu hiyo mtu mwingine haipati mpaka moshi utoke, lakini yeye kaipata kutoka upande wa pili wa ukumbi, imepenya watu mia mbili na manukato yao.

Na hapo hapo wakampa maikrofoni, aombe.

Sasa afanye nini? Akikimbilia jikoni, tumbaku ya watu kaitupa, na blanketi mabegani. Akiomba vile Philomene anavyoomba, ambapo mtoto anaweza kuanza kutambaa kabla ya amina, supu imekwisha, na mia mbili watalala njaa siku yake. Macho yakaenda mlangoni mwa jiko. Raylene kasimama pale kainamisha kichwa, mikono kaifumbata, mcha Mungu kweli, na nyuma yake sufuria inaangamia.

Alphonsine akafumba macho. Akaomba kwa Kikrii, lugha ile masista wa shule ya bweni walimchapia mikono kwa kuisema, na hajawasamehe wala hana mpango.

"Muumba," akasema, "tunakushukuru kwa siku hii na kwa wanawake hawa. Tunakushukuru kwa nyama na kwa mikono iliyoileta. Umwangalie na yule binti aliyesimama mlangoni. Umjalie azime moto. Umjalie azime sasa hivi. Umwambie asikoroge, asikwangue chini, amimine ya juu kwenye sufuria nyingine. Mpe miguu, Muumba!"

Vijana, ambao Kikrii chao kinaishia kwenye salamu, waliinamisha vichwa zaidi kwa jinsi bibi alivyozama kwenye maombi. Mmoja alisema "amina" kwa uchungu. Meza ya wazee, waliolielewa kila neno, ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Philomene alikuwa kajiziba mdomo kwa kitambaa, machozi yanamtoka.

Lakini Raylene aliinua kichwa. Darasa la Kikrii hajawahi kulikanyaga. Ila kakaripiwa jikoni miaka miwili kwa lugha hiyo kila siku ya Mungu: zima, koroga, acha, mimina, upesi, mjinga wewe. Akageuka, akakimbia. Ukumbi ukasikia chuma kikigonga chuma.

"Amina," akasema Alphonsine, akakaa.

Baada ya kitambo Raylene akatoka na bakuli, kalishika kwa mikono miwili, uso mwekundu kwa mvuke. Akaliweka mbele ya Alphonsine kabla ya wote, na ukumbi mzima ukangoja. Alphonsine akanywa kijiko kimoja. Moshi ulikuwepo, kwa mbali, kama mtu aliyevuta sigara nje ya nyumba.

"Nani aliacha moto mkubwa vile?" akauliza.

"Wewe, bibi," akasema Raylene polepole. "Uliuongeza ulipokuwa unavutwa. Nikataka kuupunguza, lakini ulishaniambia nikigusa kitu utanikata vidole."

Philomene akaegemea mbele asipitwe na neno.

Alphonsine akanywa kijiko cha pili. Akanywa cha tatu. Watu wakaanza kula, vijiko vikalia kila mahali, na yeye bado kalitazama bakuli kama limemtukana. Mwisho akalivuta blanketi vizuri mabegani.

"Siku nyingine nikikwambia usiguse," akasema, "gusa."

"Sawa, bibi."

"Na usisimame hapa unanitazama. Rudi jikoni kwako, kuna watu hawajapata."

Raylene akaondoka mbio. Philomene akafungua mdomo.

"Wewe kula," Alphonsine akamwambia, "kabla meno hayajapoa."