Jumapili Zangu za Kishada

Nilikwenda Mfangano kumrudisha binti yangu chuo kikuu, si kucheza majini. Alikuwa ameacha masomo Rongo, karibu kabisa na nyumbani, akaenda kisiwani kuwafundisha wageni kuteleza juu ya ziwa, miguu kwenye ubao, wakivutwa na kishada kikubwa. Hotuba yangu niliitayarisha njia nzima. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Mama, jifunze kwanza,” akasema. “Siku utatoka hapa, uende huko ndani, urudi hapa hapa bila kukanyaga chini, nitarudi chuo. Naapa.”

Alidhani nitapanda boti nirudi zangu. Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtoto hanitishi kwa mtihani.

Jumamosi kwetu ni Sabato, kwa hiyo nilikwenda kila Jumapili. Jumatatu nilishika chaki kwa vidole vilivyovimba, na darasa la nne walinisomea kwa sauti huku nimefumba macho.

Shida yangu ilikuwa mikono. Nimezaliwa ufukweni, upande wa Homa Bay, na kabla sijajua kusoma nilikuwa navuta rimba na watu wa nyumbani, ule wavu mrefu unaokokotwa kutoka nchi kavu. Sheria ilikuwa moja: kamba haiachwi. Ukiiachia, wavu unalegea upande wako, samaki wanatoroka, na jioni hupewi kitoweo. Kishada nacho kinataka kinyume. Kikivuta kupita kiasi, unaachia mpini wa kukiongozea, nacho kinapoa chenyewe. Mimi kikinivuta, nilivuta. Nilikokotwa kwa tumbo hadi kwenye gugu maji, pua imejaa maji, mpini nimeukumbatia.

“Wachilia, Mama. Wachilia tu,” binti yangu alisema, amesimama kwenye maji ya kiuno.

“Nikiwachilia samaki wataenda,” nilimjibu siku moja kwa hasira, wala sikuwa natania.

Upepo wa alasiri ulinisukuma upande mmoja tu, kwa hiyo kila safari iliisha mbali nikarudi kwa miguu, ubao kichwani, nikipita kina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani.

“Mwalimu, leo umevua wangapi?”

“Hata mmoja.”

“Pole. Ziwa ni la Mungu.”

Walicheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni niliwachukia kidogo. Nilichoka. Siku moja nililia ndani ya boti ya kurudi nchi kavu, Mbita, mpaka abiria wenzangu wakadhani nimefiwa.

Kilichonishangaza ni kwamba binti yangu hakunifundisha kwa hila. Angeweza. Kila nilichokijua kilimsogeza karibu na darasa alilolikimbia, na bado alinifunga vizuri mshipi unaoshikilia kishada, akanisahihisha magoti, akanikanda mabega jioni kwa mafuta. Hatukuwa tumekaa karibu hivyo tangu alipokuwa mdogo. Polepole mikono ikasikia. Nikaanza kusimama juu ya ubao, kwanza kwa muda wa kukohoa tu, baadaye kwa muda wa kuimba ubeti mzima. Kisha akanionyesha kukandamiza kisigino ili ubao ukate upepo badala ya kusombwa nao, na safari zangu za miguu zikawa fupi, Jumapili baada ya Jumapili.

Muhula ulipofungwa nilikuwa nimepumzika kidogo, na upepo ulikuwa mzuri. Nilitoka, nikaenda ndani hadi maji yakawa meusi, nikageuza. Kisigino kilishika. Kishada kilipovuta niliachia mpini, kikapoa, nikaendelea. Binti yangu alikuwa amesimama ufukweni, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Nilifika pale pale nilipotokea.

Hakubisha. Alikishika kishada, akaanza kukitoa upepo uliojazwa ndani kwa pampu.

“Sawa,” alisema bila kuniangalia. “Kesho nafunga vitu.”

Siku hii niliitaka kwa miezi. Sasa ilikuwa imefika, na furaha niliyoitarajia haikuwepo. Nilimtazama akikunja kitambaa taratibu, kwa uangalifu, kona kwa kona, na nikaona kwamba kazi hii anaipenda kuliko nilivyowahi kupenda yangu.

“Haihesabiki,” nikasema.

“Kwa nini?”

“Pale nilipogeuza, niligusa chini.”

“Pale ni kina kirefu, Mama. Hata mtu mrefu hawezi kugusa chini pale.”

“Mimi niligusa.”

Macho yake yakajaa machozi. Kisha akakikunjua kishada mchangani, akachukua pampu, akaanza kukijaza tena.