Filamu Iliyomngoja Bibi Arusi

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana picha ilipoanza kurukaruka. Ninataja saa kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba niliota. Nitaotaje mchana kweupe, soko la Kadutu likipiga kelele chini ya dirisha langu, mkono wangu ukiwa juu ya kipanya? Amini usiamini, lakini usinisimulie habari za mashine iliyochoka. Mashine ile ninaijua kuliko wote wanaonicheka.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa vita, na waasi walikuwa bado wameushika mji wetu. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kutengeneza filamu kwa kompyuta, nikisoma maelezo ya Kiingereza na kamusi pembeni. Asubuhi hiyo mwanamume mmoja wa mtaa wa Cimpunda aliniletea kaseti mbili. Moja ilikuwa ya sherehe ya mahari ya mdogo wake, ile tunayoita dote. Nyingine ilikuwa ya maziko ya mdogo wake huyohuyo, aliyepigwa risasi kwenye barabara ya Walungu siku ya mvua.

"Fanya filme moja, papa," aliniambia. "Dote mbele, matanga nyuma. Ila ule mwanamuke, umutoshe. Fasi yote."

"Bibi wa marehemu?"

"Hiyo ni mambo ya familia. Weye ni fundi, hauko padiri."

Alicheka, akaacha malipo ya kwanza, akaenda. Sikushangaa sana. Kila wiki watu huniomba nimtoe fulani: mlevi aliyeanguka juu ya keki, shemeji waliyegombana naye. Nikaanza kukata.

Sasa sikiliza. Katika dote, msichana hupiga magoti mbele ya wazee wa pande mbili na kumpa bwana wake glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akiipokea na kunywa, basi ukoo mzima ni shahidi. Niliondoa kipande hicho, nikaunganisha ncha mbili, nikabonyeza ili nione. Picha ikaruka, ikaganda, ikaruka tena. Bwana arusi alibaki amenyoosha mkono hewani, hakuna wa kumpa kitu. Kisha filamu ikaendelea kama kawaida.

Nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili hufanya. Nilifunga programu nyingine zote. Nilikuta diski karibu imejaa, nikahamisha faili kwenye diski ya pili, halafu nikaipanga upya ile ya kwanza ili vipande vilivyotawanyika vikae pamoja. Hakuna kitu. Nilishusha ubora wa picha ya majaribio hadi nusu. Nilihakikisha kwamba kaseti na kazi yangu vina kasi moja ya picha. Mwishowe niliitengeneza sehemu ile iwe faili moja, ili mashine isiwe na cha kufikiri. Ikaruka palepale! Nikaweka kipande cha maziko mahali hapo, kikateleza kama maji. Sasa mashine iliyochoka inachagua?

Ndipo nikavua saa yangu, nikaiweka mezani, nikapima. Picha ilisimama kwa muda uleule wa kipande nilichokitoa. Haikupungua, haikuzidi. Filamu ilikuwa inamngoja yule mwanamke.

"Bado inarukaruka?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, kwenye benchi la wateja. Wateja wangu huingia bila kubisha, kwa hiyo sikugeuka. Macho yalikuwa kwenye picha.

"Inarukaruka, papa," nilimjibu. "Fasi moja tu."

"Rudisha mwanamuke kwa fasi yake. Itatembea."

"Mwenye filme hataki."

"Mwenye filme?" Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyetukanwa. "Dimanche bazee ba Goma bataangalia hii kaseti. Habakukuwaka ku dote. Kama habamuone, batasema hakuolewaka. Batamutosha mu nyumba na mutoto wake. Na weye njo utakuwa umebasaidia."

Wazee wa Goma, ambao hawakuwapo kwenye dote, wangehukumu Jumapili kwa filamu yangu! Kumbe ndiyo hivyo! Kumbe yule bwana alikodi mikono yangu ili aibe nyumba ya mjane, na mimi nilikuwa nikihangaika na diski! Nilifungua mdomo kumuuliza mgeni amejuaje hayo.

Umeme ukakatika. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule nikaona chumba changu: mlango, benchi, na mtu aliyekaa juu yake. Nilikuwa nimetazama uso wake tangu asubuhi. Alikuwa bwana arusi, marehemu mwenyewe. Koti lake lilikuwa limelowa, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja wazi, kama mtu anayengoja glasi.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nje jua lilikuwa kali, lakini maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye benchi.

Umeme uliporudi, nilimrudisha mwanamke mahali pake. Picha ikatembea, tena kwa ubora kamili, bila kukwama hata mara moja.

Kesho yake yule kaka mkubwa wa marehemu alipoiona, na nilipomsimulia niliyoyaona, alipiga meza. "Tulikulipa ukate, hatukukulipa uote! Weye ni fundi ao mulozi?"

"Chukua makuta yako," nilimwambia, nikimrudishia malipo yake. "Na kaseti zako. Tafuta mwingine mwenye kisu, akukatie."

Alizichukua, lakini filamu ilikuwa imebaki ndani ya diski yangu. Niliinakili kwenye kaseti nyingine, nikauliza majirani wa marehemu, nikapanda mwenyewe hadi mtaa wa Bagira, kwa dada wa mjane, ambako mjane alikuwa amekimbilia na mtoto kungoja kikao cha familia. Jumapili aliingia katikati ya kikao, akaiweka mbele ya wazee wa Goma. Walimwona amepiga magoti, wakamwona mume wake akinywa. Alirudi katika nyumba ile, na yuko humo hadi leo.

Benchi langu nimelipaka rangi mara nyingi, nimelianika juani, nimebadilisha ubao. Siku mteja akiniambia, "Papa, huyu umutoshe," ubao unalowa kabla sijajibu. Wengine wanaangalia paa. Paa halivuji.

Wewe unayefanya kazi hii, picha ikirukaruka, kagua diski, kagua kasi, kagua kila kitu. Ukimaliza, na bado inaruka palepale, simama. Jiulize ni nani uliyelipwa umfute, na usigeuke haraka kuangalia nyuma yako.

Kaka mkubwa alinichafulia jina kote Cimpunda, harusi mbili zikaenda kwa fundi mwingine. Nikijumlisha hizo, malipo niliyorudisha na kaseti ya mjane, nilipoteza dola mia moja na themanini.