Kisiki cha Ua la Mama

Mama mkwe wangu alilikata ua langu kama anavyokata mibuni mizee ya shambani kwake. Nianze hapo hapo, maana kila nikianzia kwingine nachanganya mambo, na yameshachanganyika ya kutosha.

Nilikuwa nimetoka kliniki kumpima mtoto uzito. Naingia ndani, mtoto mgongoni, naona ukuta wa sebule mweupe. Misumari niliyoipigilia kushikilia ua imebaki yenyewe, imetoa macho. Asubuhi ile nilipotoka ua lilikuwa limepanda kutoka kwenye ndoo ya rangi hadi juu ya dirisha, likapita juu ya mlango, likashuka mpaka karibu na televisheni. Sasa lilikuwa kisiki. Vidole vinne kutoka kwenye udongo, limekatwa mshazari, mkato safi kabisa wa mtu anayejua kazi yake.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Umerudi, mwanangu? Mtoto kaongezeka?"

"Mama, ua liko wapi?"

"Nimekusaidia," akasema. "Lilikuwa limechoka."

Watu wakisikia nililia kwa ajili ya ua, wanacheka. Wacheke. Mimi nimezaliwa Mbebe, kule milimani Ileje, na kwetu ua lile lilizunguka sebule nzima. Jina lake silijui hadi leo. Mama yangu mzazi aliliita ua la ndani, basi. Siku naondoka kuja kuolewa Tunduma alikata kipande cha urefu wa mkono, akakitia kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, akanipa nikishikilie magotini njia nzima. Nilitegemea maneno ya mama kwa binti yake. Akasema, "Usilipige jua." Hakuongeza kitu. Mwaka uliofuata akafariki. Niliporudi kuanua matanga, wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ameshaling'oa lile la nyumbani na ukuta umepakwa rangi. Eti lilikuwa linaficha mijusi.

Kwa hiyo lililobaki duniani lilikuwa langu. Sisemi duniani hakuna maua mengine ya namna hiyo, yapo, hata upande wa pili wa mpaka yanauzwa. Nasema lile.

Na nililitunza, jamani. Tunduma si Mbebe. Kwetu ukungu uliingia hadi ndani, ukaosha majani wenyewe. Hapa malori yamepanga foleni ya mpaka kutwa, vumbi linakaa kwenye jani kama unga. Nilifuta jani moja moja kila asubuhi kwa kipande cha nepi ya zamani. Siku mtoto alipotafuna jani, midomo ikamvimba akalia hadi sauti ikakauka, sikulitupa. Nilinunua misumari nikalipandisha juu, asikoweza kulifikia.

Halafu likaanza kuwa njano. Jirani akaniambia limwagie maji ya kuoshea mchele. Kwenye simu nikaona mtu anasema usilimwagie kabisa. Mwingine anasema majani ya chai. Nikamwagia vyote, na maji juu yake, asubuhi na jioni. Likazidi kuwa njano. Nikazidi kumwaga.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Hasamba kumwona mjukuu. Ni mwanamke wa kahawa, ameanza kuvuna kabla hajajua kusoma. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ua mikono nyuma.

"Hili linazaa nini?"

"Halizai, mama."

"Linaliwa?"

"Haliliwi. Ukilila unavimba mdomo."

Akanitazama. "Na mmelipa ukuta mzima?"

Kila asubuhi nilimwona analikwaruza shina kwa ukucha, anatazama kilichopo chini ya ganda. Sikuelewa. Nilidhani anashangaa tu.

Basi siku ile ya kliniki nikamuuliza, "Hayo uliyokata umeweka wapi?"

"Nimewapa mbuzi wa jirani, wamekataa. Nikayachoma na takataka."

Nikapiga kelele. Kwa mama mkwe. Kwetu hata kumtazama mkwe machoni ni shida, mimi nikapiga kelele mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. "Kwa nini hukuniuliza? Hili si mbuni! Hili si mbuni, mama!"

Aliendelea na maharage yake, mabovu huku, mazima huku. Afadhali angenitukana, ningejua nasimama wapi.

Jioni mume wangu akarudi, akasikiliza pande zote mbili, akaniambia, "Ua tu, mama nani. Kesho navuka mpaka hadi Nakonde nakuletea jingine zuri kuliko hilo." Nilimwangalia mpaka akatoka nje kujifanya anapokea simu.

Kesho yake nikaamua kuking'oa kile kisiki, nikitupe, yaishe. Nikainamisha ndoo. Yakatoka maji meusi yananuka kama mfereji. Ndoo haikuwa na tundu hata moja. Niliogopa kulowesha zulia, ndiyo maana sikuitoboa. Mizizi ya chini ilikuwa uji mtupu. Nikaikamata ikabaki mkononi.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. "Ulikuwa unalinywesha kama ng'ombe," akasema taratibu. "Mizizi imekufa, majani bado yanadai chakula. Mbuni ukifika hapo unaukata, upumzike. Nilikuona unavyolifuta kila siku kama mtoto. Nikasema nikuokolee."

Akachukua msumari, akaupasha kwenye jiko la mkaa, akatoboa ndoo. Mimi nikaenda kuomba mchanga kwa mafundi waliokuwa wanajenga jirani. Tukakipanda kisiki upya. Mtoto akatupa kijiko ndani, tukakiacha.

Sasa niambie, hapo nimchukie nani? Yeye aliyekata, au mimi niliyeozesha? Nilikuwa na hasira kiasi cha kuvunja sahani, na sikuwa na mtu wa kumpelekea. Nikaikasirikia ndoo. Nikamkasirikia hata mama yangu, kwamba kati ya maneno yote alichagua jua, maji hakuyataja.

Mama mkwe akarudi Hasamba. Kisiki kikakaa. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nilikuwa nakikwaruza kwa ukucha kama yeye, natafuta ukijani. Halafu asubuhi moja kikatoa kijichwa kama ncha ya penseli. Kikaja kingine. Mwisho yakawa machipukizi matano, yanang'aa.

Nikampigia.

"Shikamoo, mama. Limechipua."

"Marahaba. Mangapi?"

"Matano."

"Bakiza mawili. Matatu toa mapema, yasije yakanyang'anyana chakula."

Nikasema sawa. Nikasubiri yarefuke kidogo, nikashika kisu. Matano yote ni mazima, unachagua vipi? Mama yangu hakuwahi kupunguza kitu pale ukutani. Lakini pia yeye ndiye aliyelikata anipe mimi, kwa kisu cha jikoni, bila kusitasita. Nilisimama pale hadi maharage yakaungua. Nikakata moja tu. Nikaona siwezi kulitupa, nikalitia kwenye chupa ya maji niliyoikata shingo.

Baada ya siku kumi hivi akapiga yeye.

"Ulitoa?"

"Nilitoa moja."

"Mbishi wewe," akacheka. "Hilo moja si ulilitupa?"

"Hapana, niliweka kwenye maji. Limeshatoa mizizi."

Nikadhani mtandao umekata, nikaita, "Mama?"

"Kwenye maji tu? Tawi tu, bila udongo?"

"Ndiyo. Linaota popote ukilikata."

"Kahawa haifanyi hivyo," akasema. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Kwa hiyo yale niliyochoma..."

Wiki zote zile nilikuwa nimesubiri alijue hilo, nilishajiandalia hata maneno ya kumchoma nayo. Yalikuwa mdomoni tayari. Nilitazama chupa pale dirishani, vimizizi vyeupe viwili kama nyuzi, na nikajikuta nasema, "Hili la kwenye maji ni lako, mama. Uje ulichukue."

"Haliliwi," akasema.

"Haliliwi."

"Nitaliweka wapi?"

Nikamwambia popote, ila asilipige jua.