Jiwe la Michembe la Shangazi Euphrasia

Mtaa wetu uko mwisho kabisa wa Ibadakuli, pale manispaa ya Shinyanga inapochoka na mashamba ya viazi yanapoanza. Ukituuliza tunakaa wapi tunajibu "mjini", kisha tunamswaga ng'ombe aliyesimama mlangoni ili upate pa kupita.

Aliyenilea ni shangazi yangu Euphrasia, na kazi anayoiweza kuliko zote ni michembe. Viazi vitamu vikitoka shambani anavimenya, anavikata vipande vyembamba, anavianika mpaka vikakamae kama chaki. Hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima, kikichemshwa na karanga. Alikuwa anavianika juu ya jiwe kubwa tambarare nyuma ya nyumba yetu, pamoja na wanawake wote wa mtaa.

Wapima ardhi walipokuja tulishangilia kama tuna harusi. Mimi nilipewa kushika ncha ya utepe, nikajiona injinia. Mpimaji akauliza jiwe lile ni la nani.

"La nani tena, baba?" Shangazi akacheka. "Jiwe lina mwenyewe? La watu wote hilo."

Kwetu Wasukuma, anayesema jiwe ni lake anaonekana ana roho mbaya. Kwa hiyo kila mama alilikana kwa adabu, mpimaji akaliandika kiwanja kisicho na mwenyewe, akalizungushia bikoni za mpaka, nasi tukampigia makofi.

Mwaka huu, viazi vikiwa vimeshaiva, akatokea Bwana Charles, mfanyabiashara kutoka Geita. Kiwanja chenye jiwe amekinunua yeye, na jiwe atalipasua ajenge nyumba. Shangazi akaenda kumwona, nami nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niachie jiwe msimu huu tu. Viazi vikioza tutakula nini?"

Bwana Charles akajikuna kidevu. "Kama mtaa mzima mnalitumia, nitasubiri viazi viishe. Ila kama ni wewe peke yako, mama, siwezi kuwarudisha mafundi."

Tulirudi tukicheka. Mtaa mzima! Tutashindwaje? Nikajiteua kuwa msemaji, maana niko kidato cha tatu na uraia naujua.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama na sare yangu iliyopigwa pasi. "Ndugu Mwenyekiti, ardhi ni rasilimali muhimu kwa maendeleo endelevu ya..."

"Binti," mzee mmoja akanikata, "sema viazi."

Nikasema viazi, nikakaa.

Mwenyekiti George akauliza, "Wanaoanika michembe kwenye jiwe lile wanyooshe mikono."

Mkono wa Shangazi ukapanda. Mwingine haukupanda. Bwana Charles alikuwa amekaa mbele na viatu vyake vinavyong'aa, na sisi tangu tupimwe ni watu wa mjini. Nani akubali mbele ya mgeni kwamba anakula michembe?

"Mama Salome! Si juzi tulikuwa wote pale?"

"Mimi? Nilikuja kukusalimia tu. Wanangu wanakunywa chai na mkate."

"Na wewe, Mama Sostenes?"

"Dada, tumbo langu siku hizi halitaki michembe kabisa." Alisema hivyo huku akitafuna, na kilicholia mdomoni mwake hakikuwa mkate.

Mimi nikanyoosha mikono yote miwili. Mwenyekiti akasema wanafunzi hawahesabiwi. Bwana Charles akamtazama Shangazi kwa huruma. "Mama, nimejaribu."

Wiki hiyo hiyo jiwe likawa kokoto. Shangazi hakulia. Alilitazama lundo la viazi, akalitazama bati la nyumba yetu, halafu akanitazama mimi.

"Wewe miguu yako myepesi. Panda."

Basi sasa msomi wa uraia anashinda juu ya bati. Asubuhi naanika, nikitoka shule nageuza. Bati linaunguza nyayo, na vipande vya pembeni vinateleza vinaangukia kwa kuku. Viazi vya chini ya lundo vimeota ukungu, lakini gunia limeshafika nusu.

Jana nikiwa juu nikaona wenzangu wa darasani wanapita barabarani, Mabula akiwa mbele. Nikalala kifudifudi ili wasinione. Nikaviponda vipande, vingine vikanigandia kwenye sare kama vifungo. Huko chini Shangazi akapaza sauti iliyosikika mpaka uwanja wa ndege:

"Dorah! Usiilalie michembe! Inuka ugeuze, na hao wenzako waambie waje wakusaidie!"