Tai ya Ofisi

Wiki ile waasi walipoingia Uvira, mji wetu wa ziwani, nilikwenda ofisi ya serikali kuomba ruhusa ya kusafiri hadi Sange, kwani mama yangu alikuwa mgonjwa. Makarani watatu, ambao miaka yote walivaa koti la utawala uliokimbia, ule uliokataza tai, sasa walikuwa na tai moja nyekundu. Ilining'inia kwenye msumari. Aliyekuja dirishani aliivaa, akahudumia, akairudisha. Dirisha lenyewe lilionyesha kifua tu.

"Papa, mbona munabadilishana?" nikamuuliza karani aliyenihudumia.

"Nyamaza, mama. Bila hii watasema niko muntu wa zamani."

Mara komanda mpya akaingia, buti za mpira zimejaa matope. Akaishika tai kwa vidole viwili, kama anashika nyoka aliyekufa.

"Hii kamba ni ya nini? Siye tulitembea na miguu mpaka huku!"

Akatoka, na karani akatoka nyuma yake akijieleza. Ruhusa yangu ikalala.

Niliporudi kesho yake, msumari ulikuwa mtupu. Makarani wote walikuwa wamepata buti za mpira, kwa joto lile la ziwani. Lakini dirisha halionyeshi miguu. Basi karani wangu alikuwa amezipanga zake mezani, kando ya muhuri, ncha zikitutazama sisi wateja.

"Na ruhusa yangu?"

Akanyanyuka kuitafuta, miguu peku.

Tangu hapo, serikali ikibadilika sifungui redio. Naenda ofisini kutazama karani ameweka nini mezani.