Jina la Shamba la Kondoo

Asubuhi hiyo nilitoka Butembo bila kumuaga mtu. Sikuwa na safari. Lori tupu lilikuwa linaenda kusini kuchukua kabichi na viazi, dereva alihitaji mtu wa kusukuma kwenye matope, nikapanda. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo miguu ndiyo ilikuwa ikiniamulia. Mfukoni nilikuwa na karatasi moja tu, kadi ya ubatizo. Vitambulisho vya serikali havikutolewa tena, maana serikali yenyewe hatukujua iko wapi.

Kwenye kadi hiyo, baada ya jina linaloonyesha kwamba mimi ni mtoto wa kiume wa pili, jina ambalo karibu kila nyumba yetu sisi Wanande inalo, kulikuwa na jina la Kiingereza. Babu alilipata kwa Mwingereza wa misioni aliyemfundisha useremala. "Alinipenda kuliko wote," alikuwa akituambia. "Mimi peke yangu alinipa jina lake." Wakati wa Zaire majina ya kizungu yalifutwa kwenye karatasi za serikali, lakini kitabu cha kanisa hakikuguswa, nasi tukaendelea kujivuna.

Karibu na Alimbongo askari walitushusha kwenye kizuizi. Karatasi za dereva hazikuwa na shida. Yangu ilisomwa mara mbili.

"Hii jina ni ya muzungu," askari akasema. "Muzungu iko wapi? Ulimuibia karte, ao ulimukula?"

Wenzake wakacheka. Nikacheka pia, na hilo lilikuwa kosa.

"Unacheka? Bon. Jua ikishuka na hakuna mutu anakujua hapa, utabeba masanduku ya masasi mpaka kule mbele. Mabega unayo."

Akaichomeka kadi kwenye kofia yake. Dereva aliniangalia kama mtu anayetoa pole msibani, akawasha lori, akaenda zake. Nilikaa juu ya jiwe. Butembo nilikuwa nimewaona vijana waliorudi kutoka kubeba risasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitembea sawasawa. Na kule milimani sikumjua mtu.

Alasiri akapita bibi mmoja, kikapu cha kabichi mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Askari, akitafuta kichekesho, akamsomea jina langu kwa sauti kubwa. Bibi hakucheka. Aligeuka kwangu.

"Babu yako alikuwa seremala?"

"Ndiyo, koko," nikasema, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Basi ni wa kwetu. Mutoto, murudishie karte yake," akamwambia askari. "Jina hiyo kwetu tuko nayo kama viazi. Marehemu bwana yangu alikuwa nayo. Majirani wawili wako nayo, na batoto yao yote. Twende kilimani uhesabu, kama ulisoma mpaka kuhesabu."

"Koko, unanitukana?"

"Ninakufundisha."

Askari alitazama kilima, ambacho kilikuwa kirefu. Akachukua kabichi mbili kwenye kikapu cha bibi, akanipa kadi.

Nilimfuata bibi kupanda kilima. Niliomba anipe kikapu, akakataa. Ili nisinyamaze, nikamwambia jinsi Mwingereza alivyompenda babu yangu, akampa jina lake yeye peke yake. Bibi akasimama.

"Peke yake? Lakini mimi nilikuwako! Maseremala yote walibatizwa siku moja. Bwana yangu, mutoto wa pili. Babu yako, mutoto wa pili. Wengine wawili, vilevile. Mwandishi wa kanisa alikuwa mutu wa mbali. Akaona jina moja inarudia, inarudia, akakasirika. Akauliza, patro wenu, mukubwa wa kazi, ni nani? Akawaandikia wote jina ya patro."

Miaka yote ile ya kujivuna! Babu aliisimulia hadithi hiyo hata siku ya kufa kwake, na mimi nilikuwa nimemshika mkono.

"Na Mwingereza alisema nini?"

Alicheka mpaka akakaa chini, bibi alisema. Kisha akawaeleza kwamba jina hilo ni la kijiji, na kwao maana yake ni shamba la kondoo. Zamani sana mtu mmoja alikiacha kijiji hicho akaenda kutafuta kazi mahali pengine, na huko wakamwita kwa kule alikotoka. Kijijini kwenyewe hakuna aliyeitwa hivyo. Wala Mwingereza hakuwahi kufika huko.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, na jiko lilikuwa nyuma, peke yake. Ndani ya jiko mwanamke alikuwa akimenya viazi; vita vilikuwa vimemtoa kwao Mavivi, huko juu ya Beni.

"Mama Mavivi," bibi akamwita, "sogeza magunia. Butembo atalala hapo, kando ya ukuta."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Butembo ni mimi. Nikatoa kadi mfukoni, nikitaka kuwasomea. Nilikuwa nimeponea chupuchupu kubeba risasi kwa ajili ya jina lile.

"Weka tu," mwanamke akasema bila kuinua macho. "Kwetu hata mimi nilikuwa na jina. Hapa hakuna mutu ameiuliza."

Alisogeza magunia, akanitandikia mkeka karibu na moto. Nilipokwisha kukaa, nikamuuliza. Kisu kikasimama kwenye kiazi. Akaniambia jina lake, kisha akalirudia mara ya pili, polepole zaidi.