Nilichomwambia Baba Yake Masanja

Niliondoka Mwanza kwenda Sengerema kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Miezi saba kabla, nikiwa bado Afrika Kusini, niliwapigia simu wazazi wa Masanja, mwenzangu tuliyeshona naye nguo katika kitongoji kimoja nje ya Johannesburg. Niliwaambia mtoto wao amefariki kwa homa ya mapafu na tumeshamzika. Kufariki ni kweli. Homa niliitunga.

Saa mbili asubuhi nilipanda basi Nyegezi, nikiwa na begi la Masanja lenye mashati mawili na Biblia ya Kisukuma. Usagara tukakata kulia. Miaka ya nyuma, tulipokuwa tunaondoka mimi na Masanja, tulisubiri kivuko karibu nusu siku. Sasa daraja lilitufikisha Busisi kwa dakika chache, na mimi nilitamani ile foleni.

Sengerema nikachukua bodaboda hadi kijijini kwao, karibu na ziwa. Mzee Bulugu, baba yake, alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe. Mkewe alikuwa ameenda kuchota maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari." Alilipokea begi, akakaa. "Hivi huko hospitali walimpa dawa kweli?"

Hapo nikashindwa kuendelea na uongo. "Baba, hakuumwa. Alipigwa."

"Na makaburu?"

"Hapana, baba. Na weusi wenzetu, majirani. Wengine nimewashonea watoto wao sare za shule. Walisema wageni tumechukua kazi zao."

"Nilisikia utawala wa makaburu umekwisha. Ndiyo maana nikamruhusu aende."

"Sheria zao zimefutwa, baba. Lakini matajiri bado wanaishi peke yao, nyuma ya kuta zenye nyaya za umeme. Sisi na wale majirani tulibanana kwenye mabati. Walipochoka kukosa kazi hawakwenda kwenye zile kuta. Walikuja kwetu."

"Mimi nilikuwa dereva wa lori," alisema taratibu. "Nilipeleka mahindi Morogoro, kwenye kambi ya wakimbizi wao waliowakimbia makaburu. Huku kwetu unga wenyewe tulikuwa tunaupangia foleni. Masanja hakuwaambia?"

"Aliwaambia, kwa Kizulu. Wakamcheka lafudhi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya meza ya kukatia nguo, baba. Sikutoka."

Hakunilaumu. Natamani angenilaumu. Tulipomsikia mkewe anakuja, alisema, "Mama yake asijue."

Saa saba tulikula ugali na dagaa. Mama Masanja alitoa mashati kwenye begi, akayanusa, akayakunja upya. Aliponisindikiza hadi barabarani alinishika mkono.

"Mwanangu, aliteseka?"

"Hapana, mama. Alilala tu."

"Afadhali," alisema. Mzee Bulugu, aliyekuwa nyuma yetu, aligeuka akarudi kwenye mihogo yake.

Saa kumi jioni nilivuka tena kurudi Mwanza. Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba ukweli ni deni, na kwamba ukisemwa watu hupumua. Nimepumua mimi peke yangu. Mzee Bulugu sasa anaishi nyumba moja na mkewe akijua jinsi mtoto wao alivyokufa, na hana mtu wa kumwambia.